Tsongo Alivyopatikana Katika Tamasha la Ndege

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa Madiwani wa Kasese na wa Bwera. Baba Padri na Mchungaji, mlioketi benchi moja bila kusukumana. Afande wa kituo cha mpakani, uliyewapitisha wageni wetu wa ng'ambo kwa upole ambao wengine hawakuutarajia. Ndugu zetu wa Beni na Butembo. Wageni mliotoka Kampala, Fort Portal na nchi ambazo majina yake bado yananishinda kutamka. Waongozaji wa ndege, akina mama wa jikoni, nanyi nyote mliosimama madirishani kwa sababu viti vimekwisha: mwasibire, habari za mchana.

Naitwa Medius Musoki. Nilikuwa mwalimu kule Nyamwamba mpaka nilipostaafu, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya tamasha hili. Nimeombwa nifunge shughuli kwa ufupi. Waliosoma kwangu wanaujua ufupi wangu, na ninawaona wameshaanza kuegemea ukuta.

Ndugu wageni waalikwa, tumekuwa na siku njema. Tulianza kule juu, kwenye vilima vya Rwenzori, tukitafuta yule ndege wa mlimani mwenye mabawa mekundu, ambaye hukaa kimya mpaka uchoke ndipo aruke mbele ya macho yako. Tulimwona. Waheshimiwa Madiwani nao walimwona, ingawa mmoja wao alimwona akiwa amekaa chini akivua kiatu. Siku iliyofuata tukashuka Kahendero, kwenye Ziwa George, tukapanda mitumbwi kumtafuta yule mkubwa mwenye domo kama kiatu. Huyo hakuonekana. Badala yake ilionekana mvua, na mgeni wetu mmoja akasimama ndani ya mtumbwi kupiga picha, akaingia ziwani na kamera yake. Yuko hapa leo, amekauka, anacheka. Tunamshukuru kwa moyo huo.

Lakini sikusimama hapa kuhesabu ndege. Nimesimama kusema jambo lililotokea juzi katika ukumbi huu huu, kwenye warsha ya majina, kwa sababu wengi wenu mmelisikia nusu nusu sokoni, na jambo kama hili halifai kubaki nusu.

Warsha ile ilitokana na wazo la Baker. Baker, simama wakuone. Huyu ni kijana wa Kinyamaseke, mwongozaji wetu. Aliiambia kamati hivi: wageni wanakuja na vitabu vyenye majina ya kitaalamu, sawa, lakini sisi wenyewe tunawaitaje ndege wetu? Bibi zetu waliwaitaje? Basi katika safari zote alikuwa akitembea na simu yake, kila anayekutana naye anamwonyesha ndege na kumwomba ataje jina analolijua, kwa Lhukonzo, kwa Kinande, kwa Luganda, kwa lugha yoyote. Kwenye warsha angetufungulia zile sauti, nasi tukisie ni ndege gani. Nikiri kwamba kamati iliona ni mchezo tu wa kuchangamsha watu kabla ya chakula.

Kwa ajili ya wageni wa Butembo tulihitaji mtu wa kutafsiri Kifaransa. Tukamchukua Benedicte. Akina mama wa Bwera mnamfahamu, huyu anayeuza vitenge karibu na soko. Mnajua bei zake na mnajua ucheko wake. Wachache ndio wanaojua alivyofika hapa.

Benedicte alizaliwa kijiji kimoja karibu na Beni, nyumba ya wakulima wa kahawa. Baba yake, Papa Christophe, alifariki kabla ya vita kufika kwao. Vita vilipofika, watu walikimbia kila mtu na njia yake. Benedicte na mama yake waliangukia Butembo. Mdogo wake wa kiume, Tsongo, mtoto wa shule wakati ule, alikimbia na kundi lingine, na hapo habari zake zikakatika. Benedicte alivuka kuja huku kwa biashara, ndivyo alivyowaambia watu, lakini mimi aliniambia ukweli: alivuka kumtafuta. Alikwenda kambi ya wakimbizi kuuliza. Alitangaza kwenye redio. Kila mwenye lori anayetoka upande ule alimwuliza kama amesikia kijana anayeitwa Tsongo. Miaka ikapita. Nyinyi mlikuwa mnamwona anakunja vitenge. Nani kati yetu alijua kwamba kila mvulana mrefu aliyepita mbele ya kibanda chake alimtazama mara mbili?

Basi juzi Baker akafungua sauti. Watu wanakisia, wanakosea, wanacheka. Benedicte amesimama kando yangu, anatafsiri. Ikaja sauti ya mwanamume, na nyuma yake unasikia maji yanapiga mtumbwi. Baker kwenye simu anamwuliza, "Na huyu mdogo, mweusi na mweupe, anayetikisa mkia, mnamwitaje?" Yule mtu anajibu, "Hapa Kahendero sijui. Kwetu nyumbani tulimwita Kapita ya Mama." Ukumbi ukacheka, maana mnajua kapita ni msimamizi wa kazi, na kweli yule ndege hutembea kama msimamizi.

Nikageuka nisikie tafsiri. Hakukuwa na tafsiri. Benedicte alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Rudisha," alimwambia Baker.

Baker akarudisha. Kapita ya Mama.

Akaniambia kwa sauti ndogo, na wageni wote wanangoja, "Mwalimu, hilo jina alilitunga baba yangu. Mama akianika kahawa uani, yule ndege alikuwa anatembea nyuma yake kila asubuhi. Hakuna nyumba nyingine inayosema hivyo."

Nilimwuliza Baker, huyo mwenye mtumbwi anaitwa nani? Akasema, "Anaitwa Sunday. Ni kijana wa Mzee Yosamu, mvuvi wa Kahendero."

Ndugu zangu, niliona uso wa Benedicte ukisawijika. Sunday si Tsongo. Lakini alichukua mkoba wake. Nikaiacha warsha mikononi mwa wenzangu, nanyi wageni mtanisamehe kwamba mlikunywa chai bila mwenyekiti, tukapanda gari la Baker. Tukapita Kinyamaseke, tukafika Kikorongo, tukashika barabara ya Kasese, kisha tukakata kulia kushuka ziwani. Baker alimpigia simu Mzee Yosamu. Akajibiwa kijana yuko majini na simu ameiacha nyumbani. Nikamwambia Benedicte ampigie mama yake Butembo. Akakataa.

"Kama si yeye," alisema, "tutarudi na tutanyamaza. Mama amekwisha kumlilia mara moja. Sitaki amlilie mara ya pili."



Tulisimama ufukoni kati ya akina mama wanaopara samaki. Mitumbwi ikaja mmoja mmoja. Wa mwisho aliuleta kijana mrefu, akaruka majini, akauvuta mpaka mchangani. Aliponiona mimi na Baker akaja haraka, amevaa uso wa mtu anayejitetea. "Mama, kama ni ule mgeni alilowa jana, mimi nilimwambia ikae chini. Baker ni shahidi."

Baker akasema, "Si hiyo."

Benedicte alikuwa amejifunika kitenge kichwani kwa sababu ya jua. Alimwuliza bila kukiondoa, "Kapita ya Mama, ni nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Baba yako iko nani?"

"Alishakufa. Papa Christophe, wa kahawa."

Akavuta kitenge kikashuka mabegani. "Na mimi iko nani?"

Nimefundisha watoto maisha yangu yote na nimeona nyuso nyingi zikitafuta jibu. Uso ule sijawahi kuuona. Alimtazama, akayatazama maji, akarudi kumtazama. Kasia likamtoka mkononi.

"Balisema mulikufa bote," alisema. "Balisema nyumba iliungua na batu yote ndani."

"Balikudanganya," Benedicte alisema. "Mama iko. Iko Butembo, na hasira yake yote."

Hapo ndipo walipokumbatiana, na hayo mengine si ya kusimulia kwenye kipaza sauti. Nitasema tu kwamba wale akina mama wa samaki waliacha visu, wakapiga vigelegele kabla hata ya kujua ni nini kimetokea, kwa sababu waliona kwamba ni jambo la vigelegele.

Baadaye alitueleza. Alipoambiwa kwamba kwao hakuna aliyebaki, hakuwa na hamu ya kuitwa tena jina ambalo hakuna wa kuliita. Alifika Kahendero siku ya Jumapili, wavuvi wakamwita Sunday, naye akaitika. Ndiyo maana redio ilitangaza Tsongo, Tsongo, na mtu hakusikia.

Basi tukapiga simu Butembo. Mama Kahindo, mama yao, akasikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alisema, "Kama iko Tsongo, aniambie kile kidonda ya mguu ilitokea wapi."

Kijana akajibu, "Niliruka ukuta ya kanisa, Mama. Nilikuwa natoroka misa."

Tukadhani simu imekatika. Kisha ikaja sauti: "Basi Jumapili hii utaenda misa mbili." Ndipo mama akalia, na sisi sote pamoja naye, hata Baker, ambaye mpaka leo anasema ni moshi wa samaki.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba sasa nimtaje mtu mmoja, na ninaomba umtazame vizuri, kwa sababu hatapenda. Mzee Yosamu, yule pale mwenye tai, anayeivuta tangu asubuhi kama kamba ya nyavu. Yosamu si ndugu wa Tsongo. Dini yao si moja, lugha yao haikuwa moja. Kijana alimfikia akiwa na homa, bila viatu, bila jina alilokubali kulitaja. Yosamu hakumwuliza ametoka wapi. Alimpa mahali pa kulala, akamfundisha ziwa, na ilipofika zamu yake kuomba mtumbwi wa pili kwenye ushirika wa wavuvi, aliuandikisha kwa jina la kijana. Jioni ile, wakati sisi tunafuta machozi, niliona amesimama peke yake kwenye nyavu, anazikunjua na kuzikunja. Nikamwendea.

"Mnamchukua?" aliniuliza.

Jibu alilitoa Benedicte, aliyekuja nyuma yangu. Alipiga magoti mchangani, kama tunavyowasalimu wazee wetu, akamwambia, "Baba, hatumuchukui. Tunaongezeka. Ulikuwa na mutoto moja, sasa beko babili, na mama yao mukali sana."

Mzee akamshukuru, "Wasingya." Akamwinua, akaingia ndani kutafuta samaki wa kutupikia. Tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki pale mpaka Baker akaanza kuhofia barabara.

Waheshimiwa, tunapenda kusema tamasha ni la utalii, na ni kweli, hoteli za Kasese zimejaa na waongozaji wetu wamepata kazi. Lakini niwaulize: ni mikutano mingapi mmewahi kuhudhuria ambapo mtu wa mtumbwi aliulizwa, kwenu nyumbani mnasemaje? Tungemwuliza jina lake, angetujibu Sunday, na tungeondoka. Tulimwuliza anamwitaje ndege, akatupa nyumba yake yote. Kwa hiyo naiomba wilaya, mbele ya mashahidi hawa wa madirishani, warsha ya majina isifutwe mwakani kwa sababu ya ratiba. Na naiomba redio yetu itenge saa moja kwa watu waliopotezana, wasimulie mambo madogo ya kwao: nyimbo za kubembeleza, majina ya mbuzi, vichekesho vya baba zao. Tusome majina, ndiyo, lakini tusiishie kwenye majina.

Namshukuru Baker kwa masikio yake. Nawashukuru wageni wetu, akina mama wa jikoni, padri na mchungaji, na Afande, ambaye leo alfajiri alimwona mama mmoja wa Butembo kwenye foleni ya mpakani akilia na kucheka kwa pamoja, akamwuliza kuna nini, na aliposikia akamsindikiza yeye mwenyewe mpaka mlangoni hapa.

Tulimwandalia Mama Kahindo kiti kwenye meza kuu. Amekikataa. Yuko pale safu ya tatu, katikati ya watoto wake. Mkono mmoja amemshika Benedicte, wa pili amemshika Tsongo. Sahani yake ya pilau iko mapajani tangu nilipoanza kuzungumza, imepoa kabisa, na haguswi na njaa wala na hotuba yangu. Hana mkono uliobaki wa kulia chakula.

Mzee Yosamu, wewe uko karibu. Mlishe.

Nanyi nyote mliotega masikio mpaka hapa, asanteni sana.