Maneno Aliyoongeza Benoît

Sikieni, batoto bangu, na weye Éphraïm zima kwanza ile telefone, maana baba yenu, Kapiteni Kabamba, miaka makumi tatu alipitisha ujumbe wa jeshi kwa foni ya redio, na hata jenerali hakumuomba arudilie mara ya pili. Leo pumzi iko kidogo.

Nyumba hii ya Kakontwe ni ya mama yenu Hortense, muntu asiiuze. Joëlle, chukua mulingoti wa antena, hata kama unauanikia nguo tu. Éphraïm, foni yenyewe ni yako: haisemi tena, lakini na weye hausikiaka, mutapatana.

Sasa ile iko nanichoma moyo. Muzee mwenye nilisema mumuite, ule anakaa ku mulango na kofia mu mikono, ni Benoît, rafiki yangu wa kazi. Niliwakataza kumusalimia, nikasema aliniibia batri. Uongo. Ile batri niliuza minye mwenyewe, nikakunywa pombe.

Kweli ni hii. Minye nilikuwa Kalemie, Hortense alikuwa hapa Likasi ku foni ya misheni, na sauti yangu haikufika kwake; Benoît, mu kituo cha Kakanda, ndiye alipokea na kupitisha. Sheria yetu ni moja: ujumbe hauongezwi chumvi. Nilituma: "Hortense, nataka kukuoa. Jibu. Mwisho." Benoît akapitisha: "Hortense, tangu nikuache usingizi umenikimbia, na bukari ninayokula inakuwa muchanga mu kinywa…" Minye niko nasikia, kambi zote ziko nasikia, na Benoît ananirudishia: Hortense analia, anasema ndiyo! Mujumbe hauawi, wazee walisema, lakini huyu nilimuua miaka makumi ine, kwa sababu niliogopa: muke wangu aliolewa na maneno ya mwingine.

Hortense, unisamehe. Unacheka? Ulijua? Tangu wiki ya kwanza, sababu hata ku meza nilisema "Leta chumvi. Mwisho"? Kumbe ulikubali minye! Na mbona ulinyamaza, mama? Nimekosa rafiki bure.

Batoto, siku ya matanga Benoît akae mbele, karibu na mama yenu. Mupendane. Mungu awalinde, chungu chenu kisipoe… Sauti inapotea. Benoît, karibia. Uko nanisikia? Pitisha kwa Hortense: asante. Mwisho.

Hapana… ngoja. Mara hii… ongeza.