Tuta la Makosa

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliokuja kutushika mkono, marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Sentimita, alizaliwa tarehe 9 Februari 1964, mtoto wa pili kati ya sita, baba akiwa seremala na mama mkulima, kwa baba akarithi rula, kwa mama akarithi jembe, na vyote viwili hakuviweka chini mpaka alipoishiwa nguvu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977, sekondari hadi 1981, kisha akasomea ualimu wa kilimo, na tarehe 2 Julai 1985 akaripoti kwenye shule ambayo hakuihama tena, ingawa siku hiyo alipoomba kuoneshwa shamba la wanafunzi alipelekwa nyuma ya vyoo, kwenye chupa zilizovunjika na magugu ya kufika kiunoni.

Hapo ndipo alipotengeneza bustani, na kila aliyepita mikononi mwake anakumbuka kwamba kila msimu tuta moja alilipanda vibaya kwa makusudi, akawakabidhi wanafunzi fimbo yake ya vipimo walizunguke mpaka watambue kosa, na jibu hakumpa mtu hata aombwe vipi. Mwaka 1990 mkaguzi alifika bila taarifa, akaliangalia tuta hilo tu, akaandika kwamba mwalimu wa kilimo hajui kupanda, naye kaka alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema afadhali mkaguzi ameliona.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, ambaye hajaacha kutusimulia jinsi bwana harusi alivyokutwa asubuhi ile akipima nafasi kati ya kiti na kiti, wakajaliwa watoto watatu na mjukuu mmoja.

Novemba 2018 alianza kusumbuliwa na figo, Februari akashindwa kwenda kazini, na hilo lilimuuma kuliko sindano zote, kwani kila aliyemtembelea wodini alimwambia neno moja, kwamba anataka kurudi asimame bustanini, hata kwa saa moja.

Jumamosi tarehe 4 Mei 2019 wanafunzi wa kidato cha nne walimletea picha kwenye simu, wamelipanda wenyewe tuta la makosa, wakamwambia yapo matatu, na mawili aliyataja papo hapo, mistari iliyobanana na nyasi za kufunikia udongo zilizogusa mashina, lakini la tatu halikuonekana, akakataa kuambiwa, akasema atakwenda kulitafuta kwa macho yake. Kila siku alimwomba mkewe aikuze picha ile, mpaka Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliokesha nasi, na walimu wenzake waliomshikia vipindi bila kunung'unika.

Tunawashukuru pia wanafunzi wale, ambao jana walimjia shemeji wakilia, wakakiri kwamba kosa la tatu halikuwepo, walilitunga tu ili mwalimu wao awe na sababu ya kurudi.

Kaka, hatuna kinyongo nao, nawe usiwe nacho, tuta lako tumelikagua lote na hakuna kilichobaki cha kutafuta, weka fimbo chini sasa, upumzike kwa amani.