Fisi Niliyemfuga Buhongwa

Ndugu zangu, najua leo ni Jumapili ya mfungo na hamjala tangu jana. Mama yangu yuko benchi la tatu, ameshaninyooshea vidole vitatu, maana yake dakika tatu. Mimi nimeamua ni thelathini. Naomba radhi mapema, kwa sababu ushuhuda huu una samaki, una viazi, na una uji mwingi sana. Mwenye njaa kali azibe masikio tukifika hapo.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyeondolewa kwenye igizo la Krismasi mwaka juzi kwa kosa la kuwa punda. Niliambiwa punda hali nyasi za hori wakati Mariamu anaimba. Niko kidato cha tano, na kwenye ripoti yangu ya shule, sehemu ya tabia, mwalimu ameandika neno moja kwa wino mwekundu ambalo sitalisoma mbele ya meza ya sakramenti.

Sasa, katikati ya Desemba mmoja wa wamisionari wetu wawili alipasuliwa kidole tumbo, akapelekwa Dar kupumzika. Mnajua sheria: wanatembea wawili wawili, mmoja haachwi peke yake hata akienda kutupa takataka. Ikabidi apatikane kijana wa kumsindikiza aliyebaki mpaka mwaka mpya. Rais wa tawi akatafuta. Vijana wote wazuri walikuwa wameshasafiri kwa bibi zao, Magu na Bariadi. Nimebaki mimi na mwenzangu mwenye tetekuwanga. Rais wa tawi akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mungu huwatumia hata wasiotarajiwa." Nadhani alikuwa anajifariji mwenyewe.

Nikakubali. Nisidanganye, sikukubali kwa ajili ya injili. Nyumbani kwetu kila Krismasi kazi yangu ni kunyonyoa kuku. Kuku sita.

Katika kanisa letu mmisionari wa kiume anaitwa Mzee. Ninyi mmeshazoea. Nendeni Buhongwa mkajitambulishe hivyo muone. Mwenzangu ana miaka ishirini, katoka Ghana, mrefu kama nguzo ya umeme, na Kiswahili chake amejifunza kwenye vitabu, kwa hiyo akiongea unadhani umewasha taarifa ya habari. "Habari za asubuhi, mheshimiwa. Mimi ni Mzee, na huyu ni Mzee mwenzangu." Babu mmoja fundi viatu akatuangalia kuanzia soli mpaka tai. "Wazee wa nini? Hicho kidevu kinasubiri ndevu tangu lini?"

Baba mwingine alipoona mashati meupe na mikoba alijua ni maofisa wa barabara. Akatoka mbio amevaa taulo. "Jamani, kwangu msiweke alama ya X! Barabara ipite kwa jirani, yeye ana kiwanja kingine!" Na jirani mwenyewe alikuwa amesimama palepale. Tuliwaacha wanapigana, Mzee akiwaombea.

Siku ya tatu tukamkuta Bibi. Jina lake silitaji. Anakaa juu kule kwenye mawe, kwenye nyumba ya mwanawe ambayo haijapigwa plasta. Mwanawe yuko machimboni. Bibi mwenyewe kahamia kutoka Ukerewe, hajamaliza mwaka. Kazi yake ni kukausha samaki kwa moshi, kwa hiyo macho yake ni mekundu kama taa za nyuma za lori. Wenyeji mnajua bibi mwenye macho mekundu anasemwaje huku kwetu. Kwa wageni nitaeleza: wapo wanaosema huyo ni mchawi, na kwamba mchawi akitaka kusafiri anapanda fisi. Moshi hawautaji kabisa.

Tukajitolea kumpasulia kuni. Mzee hakuwahi kushika shoka maishani, alipasua jiwe. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Lete hapa, mwanangu, kabla hujapasua na nyumba." Akapasua yeye, sisi tukapanga. Halafu akatukaribisha barazani. Akaleta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga, na vikombe viwili vya chai ya maziwa inayotoa mvuke. Pale barazani walikuwepo akina mama watatu majirani na mabeseni yao, wamekuja kununua samaki wa sikukuu.

Sisi chai hatunywi, kanisa letu linakataza. Hilo kila mtu humu analijua. Ila hebu fikirini kwa kichwa cha Bibi. Umekaribisha mgeni, umemwekea kikombe, majirani wanatazama, na mgeni anakisukuma. Huku kwetu mtu anayekataa kinywaji chako mbele za watu amesema jambo, hata kama hajafungua mdomo.

Mzee akasema, "Samahani sana, Bibi mpendwa, hatutaweza kunywa." Wale mama wakatazamana. Kimya. Sasa ninyi mnajua mimi na kimya hatuelewani. Nikawaona watu watatu wanasubiri kitu, ulimi ukawasha, nikasema:

"Bibi usijali, tunaogopa tu tusije tukaamka kesho tumekuwa fisi, tukakubeba mpaka Ukerewe!"

Wale mama walicheka, ndugu zangu! Mmoja alicheka mpaka beseni likaanguka. Mimi nikavimba kama andazi. Ila yule wa beseni alipomaliza kucheka aliliokota likiwa tupu, akasema amekumbuka ameacha maharage jikoni, akaondoka. Na wale wawili nao, ghafla, maharage.

Bibi hakucheka. Alichukua kikombe cha kwanza akamwaga chai chini. Akachukua cha pili, akamwaga. Akasema, "Haya, wazee. Nendeni salama." Nikamwambia, "Shikamoo Bibi, tutarudi." Hakuitika.

Mimi nilidhani hajasikia.

Nawaambia, utani una miguu kuliko bodaboda. Siku mbili baadaye, pale stendi ya Buhongwa, kijana wa bodaboda akatuita. "Oya, nyie Mormoni! Si ndio nyie mliomwona fisi mlangoni kwa yule bibi?" Nikamuuliza fisi gani. "Acha kuficha, dogo. Mmekimbia mpaka mmeacha chai. Mji mzima unajua. Tena wanasema alikuwa amevaa shanga."

Nilicheka. Kweli, kwanza nilicheka, kwa sababu zile shanga zilikuwa nzuri kuliko utani wangu. Halafu akaendelea. Kwamba tangu siku ile hakuna anayenunua samaki kwa Bibi. Watoto wakipita kwake wanakimbia. Kwamba hata watu wa Mungu wenye tai wamekataa chai yake, sasa nani atabisha? Kwamba balozi wa nyumba kumi ameitisha kikao baada ya sikukuu, na Bibi hakusubiri kikao, ameshafunga mzigo. Siku inayofuata Krismasi anapanda kivuko kurudi Ukerewe, ambako hana hata ukuta.

Hapo kicheko kikaisha.

Nikamgeukia Mzee. Alikuwa hajaelewa lolote tangu mwanzo. Ikabidi nimweleze utani wangu. Ndugu zangu, kama mnataka kujua dhambi yenu ina uzito gani, jaribuni kumweleza mtu aliyejifunza Kiswahili kitabuni.

"Fisi," akasema. "Mnyama yule. Kwa nini mtu ampande fisi? Hakuna magari?"

"Ni wachawi, Mzee. Wachawi ndio wanapanda."

"Na wewe ulimwambia Bibi kwamba yeye..."

"Nilikuwa natania."

Tulitembea mpaka karibu na nyumba tunayolala. Halafu akasema, taratibu, safari hii bila taarifa ya habari, "Kwetu, kaskazini, wako bibi wanaofukuzwa. Wanakaa kijiji chao peke yao. Nilipokuwa mdogo tulipita huko na gari, nikamuuliza baba, kwa nini kijiji hiki ni bibi tupu?"

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Nimezoea kugombezwa, hata nyuso zake ninazo tayari.

Kesho yake tulipanda kule kwenye mawe. "Shikamoo Bibi." Kimya, anageuza samaki. Kesho kutwa yake, "Shikamoo Bibi." Kimya. Sijawahi kuona. Mkubwa akikunyima marahaba ni kama umegonga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Unabaki na mkono hewani. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akajibu akimtazama samaki: "Uliniharibia mbele za watu. Sasa unanitengeneza nyuma ya nyumba?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Krismasi ikafika. Familia moja humu ndani, nyuma ya nguzo pale, walikuwa wametualika pilau na kuku wawili wazima. Nawaomba tena msamaha. Mzee aliwapigia akasema, "Tumepata dharura ya kiroho." Saa saba mchana, watu wametoka makanisani, wamevaa vipya, akina mama wanapika nje, muziki kila kona, tukapanda tena kwenye mawe na tai zetu. Bibi alikuwa barazani amekalia mzigo wake. Furushi moja na sufuria mbili.

Nikasimama uwanjani. Mimi niliyewahi kuigiza punda mbele ya watu mia, nikanyoosha tai kwanza. Nikapaza sauti.

"Shikamoo Bibi! Nimekuja kula!"

Masufuria ya jirani yakaacha kulia.

"Hapa hakuna chakula cha wanadamu," akasema Bibi, naye kwa sauti. "Si ulisema?"

"Nilisema uongo! Hapakuwa na fisi. Fisi ni mimi! Chai hatunywi kwa mtu yeyote, hata mama yangu mzazi hatumnywii! Nilitaka tu watu wacheke!"

Bibi akanitazama kwa yale macho yake. "Na uji? Uji nao Mungu wenu anaukataza?"

"Hapana, Bibi."

"Basi leo mtakunywa mpaka Mungu wenu mwenyewe aseme basi."

Akafungua furushi, akatoa unga, akabandika sufuria. Ndugu zangu, wenye njaa zibeni masikio sasa. Uji wa ulezi, mzito, kijiko kinasimama. Matobolwa sahani nzima. Samaki wa moshi, wale ambao hawakununuliwa, na alikuwa nao wengi. Kila nikimaliza ananiongeza, hasemi kitu, anaongeza tu. Hiyo haikuwa karamu, ilikuwa hukumu. Kikombe cha nne Mzee akalegeza tai. Cha sita akaanza kuongea lugha ya kwao. Mimi cha saba nilimwona Mtume Petro, amebeba kikombe cha nane.

Na watu wakaanza kujaa. Walisogea kuona tutageuka saa ngapi. Katoto kamoja kakaja nyuma yangu, kakanipandisha shati, kakatangaza, "Hana manyoya!" Kengine kakasema tusubiri, labda ni mpaka jua lizame. Nikawapa samaki. Mmoja akala, wa pili akala, halafu nikasikia ukelele. Alikuwa yule mama wa maharage, amemwona mwanawe mdomo umejaa sato. Akaja mbio, akamshika taya, akamkagua kama ng'ombe wa mnadani. Mtoto akamuuliza, "Mama, naomba mwingine?"

Yule mama alisimama pale. Kila mtu anamtazama. Bibi naye akamtazama, akachota kikombe cha uji akamnyooshea, mkono ukakaa hewani. Sitasahau ule mkono. Mimi nilikuwa na utani kumi na mmoja tayari kwa nafasi ile, nahesabu, na sikuutoa hata mmoja. Nikiulizwa muujiza wangu wa Krismasi ni upi, ndio huo.

Akapokea. Akanywa. Akasema, "Bibi, huu uji hauna sukari."

"Sukari ni ya wanaokuja mapema," Bibi akamjibu.

Watu wakacheka, na safari hii nilimwangalia Bibi kwanza. Alikuwa anacheka.

Hakupanda kivuko. Balozi alikuja kikaoni akakuta hakuna kikao, akapewa samaki. Ila sikilizeni: jioni ile tulipoaga nilisema, "Shikamoo Bibi." Akasema, "Chakula nimekupa. Marahaba bado." Na tangu siku hiyo nimepanda yale mawe kila siku, nimempasulia kuni mpaka viganja vimeota malengelenge, na jibu ni lile lile. Bado.

Namshukuru rais wa tawi aliyekosa mtu mwingine. Namshukuru Mzee mwenzangu, ambaye tangu Krismasi akiona ulezi anatoka nje. Naishukuru ile familia ya pilau. Nasikia kuku walibaki, tutaongea baadaye. Na wewe kijana mwenzangu unayechekesha watu, siwezi kukwambia acha, maana mimi mwenyewe sijaacha. Nakwambia tu, watu wakicheka, mtafute yule mmoja ambaye hacheki, umtazame kabla hujaendelea.

Yeye yuko hapa leo. Benchi la mwisho, kitenge cha bluu. Amesema hajaja kubatizwa, amekuja kuhakikisha kama kweli kuna watu wanaoweza kukaa asubuhi nzima bila chai.

Bibi, ulisema nisikutengeneze nyuma ya nyumba. Haya, hapa ni mbele za watu, na kipaza sauti kipo.

Shikamoo Bibi.

...

Ndugu zangu, mmesikia wote? Benchi la nyuma mmesikia? Amesema, "Marahaba. Sasa shuka, watu wana njaa."

Nashuka. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.