Mama Pasi Asiambiwe kwa Simu

Kaeni chini nyote, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu acha kusimama mlangoni kama askari, maana najua unachoogopa: unadhani mama yako anataka kuondoka tena. Ningekuwa na nguvu ningeondoka, siwafichi. Mwili umelala hapa mzito kama gunia la mchanga, lakini roho haitulii, inazunguka chumba kizima ikitafuta mlango. Pumzi ni chache, basi msinikatize.

Nyumba hii isiuzwe maadamu shangazi yenu yu hai. Chumba cha nyuma ni chake, na asitokee wa kumnunia. Cherehani apewe mke wako, kitinda mimba, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuisikiliza ikianza kukohoa. Binti yangu, usinune, wewe na sindano hamjapikika chungu kimoja tangu utoto.

Sasa lile la ng'ambo. Miaka yote mmeniuliza nchi ile ilinipa nini. Nilikwenda ningali msichana, nikashona mapazia katika karakana yenye madirisha marefu, baridi ikinitafuna vidole, na siku ya kwanza mwanamke wa meza ya pasi akanirushia soksi zake nzito za sufu kabla hajaniuliza jina. Huyo ndiye Mama Pasi mnayemsikia. Barabara ile ya mteremko, duka la vifungo, mvua ya kule inayonyesha bila kishindo, nilivipenda, basi. Nikarudi, nikaolewa na baba yenu, nikawazaa, na kila nilipopata nafasi nilikwenda tena.

Safari ya mwaka jana mliipinga. Ndege ilipaa, ikapata hitilafu, ikageuka nasi angani ikarudi ilikotoka; nikalala kwenye viti vya uwanja, na wewe kifungua mimba ukanipigia: "Mama, rudi nyumbani. Hiyo ni ishara." Nikakujibu, "Hiyo ni injini, mwanangu." Ukasema, "Haya, tuache sisi wanao tena," ukakata simu, na tangu siku ile unaniamkia kama unamwamkia jirani. Nikapanda ndege nyingine, ukungu ukaifanya itue mji mwingine. Nikaingia basi, likafa njiani. Sanduku langu likaenda lilikojua lenyewe, na kiatu kikakatika nikishuka. Nilifika kwa Mama Pasi nimevaa kandambili za dereva, miguu imevimba, nanuka safari. Akafungua mlango. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, kwa hiyo alinipapasa uso, akasema, "Umekawia wewe, chai imepoa." Tulicheka mpaka tukashikana tusianguke. Sikufanya makubwa kule, wanangu. Kila asubuhi nilimshika mkono tukateremka barabara yetu, nikimsimulia kilichobaki na kilichobomolewa, naye akinirekebisha.

Kwa hiyo usiseme niliwaacha. Moyo si chumba cha kupanga, kwamba akiingia huyu yule anahama. Kule niliwataja ninyi mpaka watu wakanichoka.

Nizikeni hapa, ubavuni mwa baba yenu, msihangaike kunisafirisha. Ila Mama Pasi asiambiwe kwa simu, atabaki peke yake na ile sauti masikioni. Nenda wewe, kifungua mimba, wewe na si mwingine. Ndege ikigeuka, panda nyingine. Umshike mkono, mteremke naye taratibu, umsimulie unachokiona, kisha ndipo umwambie.

Unasema nini? Sema kwa sauti, wadogo zako wakusikie... Utakwenda. Haya. Njoo basi, keti hapa kitandani, si kule mbali.

Radhi zangu mnazo nyote, sina kinyongo na yeyote. Mungu awape njia nyepesi, na ikiwa nzito... awape moyo wa kuendelea. Pendaneni. Shangazi yenu msimsahau... Niinueni kidogo. Kidogo tu. Nigeuzeni huku... nione barabara.