Buli Lililovuja: Maneno ya Kumuaga Mkutubi Delphine Rausch

Mheshimiwa Meya Tarver. Mwenyekiti wa Bodi ya Maktaba, Bi. Colette Sandoz, pamoja na wajumbe wako. Mchungaji Lindqvist, uliyetuazima viti vya kanisa. Ndugu wageni waalikwa kutoka pande zote mbili za mto. Wenzangu wa kiwanda cha Hadlock, mliokuja kwa miguu na mliokuja kwa magongo. Na wewe mwenyewe, Bi. Delphine Rausch, uliyeketi hapo mbele na sura ya mtu anayeomba hotuba ziishe arudi kupanga vitabu: habari za mchana.

Kwa wasionifahamu, naitwa Wendell Krasko. Bi. Sandoz aliponipigia simu kunipa nafasi hii alisema, "Wendell, ongea mazuri, usiongee marefu." Nilimwahidi nitajitahidi. Hakuniuliza nitajitahidi katika lipi.

Bi. Delphine anastaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu ya Corliss Ferry. Wengine wameshasema kuhusu watoto aliowafundisha kupenda vitabu, na kuhusu lile paa alilolisumbulia kaunti nzima hadi likatengenezwa. Mimi nitasema kuhusu miaka minne tu, tangu mwaka 1998 hadi 2002, na kuhusu kompyuta moja ya rangi ya krimu iliyokuwa karibu na dirisha, jirani na meza ya magazeti.

Wazee mnakumbuka. Kiwanda chetu cha vyombo vya kauri, Hadlock, kilizima tanuri zake mwezi Februari mwaka 1998. Mimi nilikuwa nimepaka ukingo wa dhahabu kwenye sahani kwa miaka ishirini na miwili, na mkono wangu haukujua kazi nyingine. Mke wangu Milly, yule pale karibu na keki, alikuwa bado akipika katika jiko la shule, kwa hiyo kila asubuhi yeye alitoka na mimi nikabaki. Sasa niwaulize, mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mwenye afya yake, afanye nini nyumbani saa nne asubuhi? Nilianza kuja maktaba. Kulikuwa na joto, na hakuna aliyeniuliza natafuta nini.

Siku moja Bi. Delphine akaniita kutoka kwenye ile kompyuta. "Bwana Krasko, hebu njoo. Hii sahani si yenu?"

Nikainama. Ilikuwa yetu, ile yenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu. Huenda ukingo wenyewe niliupaka mimi. Mama mmoja wa Oregon alikuwa ameiweka kwenye mnada wa mtandaoni, na watu sita walikuwa wakipandishiana dau.

"Wanaipigania ya nini?" nikamuuliza. "Sahani tu."

"Wamevunja za kwao," akasema. "Na kiwanda kimefungwa. Watazipata wapi?"

Ndugu zangu, katika mji huu mwaka ule, nyumba gani haikuwa na maboksi ya Hadlock? Vyombo vyenye kasoro ndogo tuliruhusiwa kuvinunua kwa bei ya bure, tukavijaza kwenye gereji mpaka magari yakalala nje. Tulikuwa tumekaa juu ya kitu ambacho Amerika nzima inakitafuta, na hatukuwa na habari.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa bakuli la mchuzi lenye mkono. Nililipiga picha kwa kamera ya Milly, na kwa kuwa filamu ilikuwa na nafasi ishirini na tatu zilizobaki, nikampiga mbwa wa jirani ishirini na tatu ili iishe. Picha zilichukua wiki kusafishwa. Kisha Bi. Delphine akaiweka ile moja kwenye skana ya maktaba, ikapanda kwenye mtandao mstari kwa mstari, taratibu, hadi ungeweza kwenda kunywa kahawa ukarudi ukakuta umefika kwenye mkono wa bakuli. Maelezo alikataa kuniandikia. Alinisogezea kiti akasema, "Andika kama unamweleza mtu ambaye hawezi kulishika."

Mnada ulikwenda siku saba, ukaisha alasiri ya Alhamisi. Dakika kumi za mwisho tulikuwa watu tisa nyuma ya kiti kimoja. Bi. Zelda Pruitt, aliyekuwa chumba cha rangi pale kiwandani, hakuweza kuvumilia.

"Wendell, acha kubonyeza. Utaichosha."

"Kompyuta haichoki, Zelda."

"Basi utanichosha mimi."

Dau lilianza dola tatu, likaishia arobaini na moja. Hatukupiga kelele, kwa kuwa tulikuwa maktaba. Tulitoka nje, tukapigia kelele barabarani.

Vijana mlio hapa mnanunua kitu kwa kidole kimoja na kesho kiko mlangoni. Siwalaumu. Lakini hebu fikirini: mtu wa Texas hajapata kukuona, anaandika hundi, anaitia kwenye bahasha na kuituma kwenye mji asioujua, kisha anakaa kusubiri. Nini kilimhakikishia? Ni maneno machache tu yaliyoandikwa chini ya jina lako na watu waliotangulia kununua kwako. "Mtu wa kweli." "Kimefika salama." Na ndani ya bahasha, pamoja na hundi, mlikuwa na barua. Walituandikia nani alivunja kile cha kwanza, kwenye sikukuu ya Shukrani ya mwaka gani, na nani alilia. Milly alikuwa akinisomea wakati wa chakula cha jioni, na tulijua habari za familia za Texas zaidi kuliko za binamu zetu.

Kufikia majira ya kupukutika majani tulikuwa watu kumi na mmoja. Bi. Delphine aliweka daftari la zamu, nusu saa kwa kila mtu, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Walikuwapo waliolipia nyumba kwa zile nusu saa. Binti yangu alimaliza chuo cha uuguzi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Mwenyekiti hakuniomba nilizungumze.

Masika ya mwaka 1999 niliuza buli la chai lenye maua yale yale ya buluu. Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, chini ya mdomo. Niliuona. Niligeuza upande mzuri nikapiga picha. Bi. Delphine akaniuliza, kama alivyomuuliza kila mtu, "Hili ni zima?" Nikamjibu, "Ni zima." Nilimdanganya ndani ya jengo lake, kwenye kiti alichonisogezea yeye.

Mnunuzi alikuwa Bi. Ottilie Fenske wa Nebraska. Baada ya wiki tatu yakatokea maneno yake chini ya jina langu, ambayo dunia nzima ingeweza kuyasoma: "Buli zuri. Linavuja."

Zelda ndiye aliyeyaona kwanza. Alinitazama juu ya miwani. "Wendell, linavuja?"

Niliinuka nikachukua koti langu. Na maneno yale hayakuwa ya kufutika; siku hizo kilichoandikwa kimeandikwa.

Mwenyekiti wa bodi wakati huo alikuwa marehemu Bwana Prentiss Gault, mwenye duka la vitu vya kale. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya kulipa, na sisi tulikuwa tumemharibia soko. Aliuchapisha ukurasa ule, akatangaza kwamba kompyuta ya umma inatumika kulaghai watu chini ya usimamizi wa mkutubi, na akaitisha kikao cha kumwondoa Bi. Delphine kazini. Tangazo la kikao nililisoma ukutani posta, nikiwa na kifurushi mkononi.

Nilifanya nini? Kwa siku mbili sikufanya lolote. Nilijifungia gereji nikapanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa. Siku ya pili Milly akanifuata.

"Ulijua lina ufa?"

"Nilijua."

"Na Delphine alijua?"

"Hapana."

"Basi unakaa huku na maboksi kwa nini? Maboksi ndiyo yatakayokwenda kikaoni?"

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa ameshika buli letu, lile alilopewa na wenzake tulipooana, la maua yale yale. Akalijaza maji, akaliinua mbele ya macho yangu, tukasubiri wote wawili. Halikudondosha hata tone.

"Mtumie hili yule mama," akasema. "Na pesa zake umrudishie."

"Milly, hilo ni la harusi."

"Ndoa yenyewe si bado ipo? Tafuta magazeti ya kulifungia."

Kikao kilifanyika Jumatatu jioni, humu humu ndani. Sikuwa nimewahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya watano, na hao watano walikuwa wa zamu yangu. Nilisimama. Nilisema, "Bwana Mwenyekiti, aliyedanganya ni mimi. Bi. Rausch aliniuliza kama chombo ni kizima, nikamwambia ndiyo. Kama kuna mtu wa kufukuzwa maktaba, nifukuzeni mimi."

Bwana Gault hakuwa mjinga. "Tumekusikia, Krasko. Na wenzako, wangapi hufanya hivyohivyo?"

Swali la haki. Aliyekuwa na jibu ni Zelda, aliyepita katikati ya viti na bahasha kubwa kwapani, akaiweka mezani mbele yake.

"Wewe umeleta ukurasa mmoja," akamwambia. "Hizi ni kurasa zilizobaki. Ni maneno ya wanunuzi wetu wote. Na hizi na zisomwe."

Utaratibu ulidai zisomwe, na msomaji alikuwa mwenyekiti. Kwa hiyo Bwana Gault, kwa sauti yake ile nzito, akatusomea. "Kimefika Maine bila mkwaruzo." "Umefunga vizuri kuliko mama yangu anavyofunga zawadi." "Alinieleza kasoro ambayo mimi nisingeiona hata kwa darubini." Alisoma dakika ishirini, na alipofika katikati nilimwona ameanza kusoma polepole, kama mtu aliyesahau kwamba hayo yalikuwa hoja za upande wa pili.

Kura zikawa tatu kwa mbili. Bi. Delphine akabaki kazini. Lakini nisiwape picha ya ushindi mtupu: alipewa barua ya onyo kwa kosa langu, na mauzo yakaruhusiwa kabla tu ya saa za kufungua maktaba. Mnajua hilo lilimaanisha nini? Lilimaanisha kwamba kwa miaka mitatu mwanamke huyu alifungua mlango saa moja u nusu asubuhi, kwenye theluji yetu tunayoijua, bila kulipwa kwa saa hizo, ili sisi tuuze sahani.

Asubuhi baada ya kikao nilikuja nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilistahili. Aliangalia daftari, akaangalia saa.

"Zamu yako ilikuwa saa mbili kamili, Bwana Krasko. Umechelewa dakika tano."

Nikamwambia, "Delphine, nisamehe."

Akasema, "Nimeshakusamehe. Ila kuanzia leo kila chombo nitakimulika mwenyewe kwa taa. Chako kitakuwa cha kwanza." Na alikimulika. Alivimulika vyote, vya kila mtu, kwa miaka iliyobaki, na hakuna aliyelalamika.

Bi. Fenske aliniandikia kadi. "Hili halivuji. Asante. Nimejaribu kufuta yale maneno, nimeambiwa haiwezekani." Yalikaa chini ya jina langu miaka kumi, hata nilipohamia kuuzia nyumbani, hadi nilipoacha kuuza. Wanunuzi wapya waliniuliza juu yake, nami niliwaeleza kama nilivyowaeleza leo, na wengi wao walinunua.

Mambo yalibadilika, kama mjuavyo. Wakaja wauzaji wenye maghala, gereji za nchi nzima zikafunguliwa kwa pamoja, na bei ikaanguka hadi gharama ya posta ikaizidi sahani. Barua zikakoma. Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Yule mbwa wa jirani angewaambia vinginevyo. Lakini bado hutokea nikafungua sanduku la posta, nikakuta matangazo matupu, nikasimama pale kidogo. Ninachokikosa ni kule kujua kwamba upande wa pili yupo mtu, ana jina na ana meza ya chakula, na amekuamini kabla hujamthibitishia lolote. Hilo halikutengenezwa na mashine. Hapa kwetu lilitengenezwa na mtu aliyetuketisha mmoja mmoja na kutuuliza, kila mara, kama chombo ni kizima.

Bi. Delphine, watu husema Corliss Ferry ilikufa pamoja na Hadlock. Miji mingine mitatu kando ya mto huu ilifungiwa viwanda miaka hiyohiyo, na leo ukipita huko unaona mabango ya nyumba zinazouzwa mengi kuliko watu.

Nina ombi moja kwa ukumbi, kisha ninaketi. Yeyote aliyewahi kuuza kitu, hata kijiko, kwa kompyuta ya maktaba hii, naomba asimame. Au kama aliyeuza ni mama yako au baba yako, na ukakulia hapa kwa sababu hiyo, simama wewe kwa niaba yake. Msiwe na haraka. Wenye magoti mabovu shikeni viti vya Mchungaji. Milly, na wewe. Ndiyo, Meya, na wewe. Nilimfahamu mama yako.

Delphine, umekaa unanitazama mimi. Hebu geuka nyuma.

Hao ndio ambao hawakuhama.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa masikio yenu. Mimi nimemaliza.