Nukta, Dada Aliyevitoa Vitabu Kwenye Ukungu

Ndugu, majirani na wote mliofika, mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, na familia imeniomba niwaeleze maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Nukta, jina alilopewa kazini kwa sababu hakuna nukta iliyompita bila kukaguliwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari hadi 1985, ambako alimsahihishia mwalimu wa jiografia ramani ubaoni, akahamishiwa dawati la nyuma wiki nzima.

Baada ya chuo cha uchapaji, tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, chumba cha kupanga kurasa, ghorofa ya pili. Huko ndiko alikompata shemeji yetu, fundi wa mashine, aliyekuwa akipanda kila siku kuuliza kama mashine ya juu ni nzima, ingawa juu hakukuwa na mashine. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1992, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Mwaka 2012 kiwanda kiliamua kuweka vitabu mtandaoni, na meneja akaagiza kurasa zipigwe picha tu, kazi iishe. Dada alikataa, akamwambia, "Picha ukiikuza inakuwa ukungu, na kompyuta haiwezi kuisoma kwa sauti, sasa watoto wasioona vizuri tunawaacha wapi?" Meneja akajibu, "Hapa si hospitali ya macho," na tarehe 4 Juni akamhamishia stoo.

Huko stoo, kwenye kompyuta kuukuu kati ya maboksi, kwa miezi kumi na moja, saa za chakula, alikigeuza kitabu cha biolojia, kurasa 186, kuwa faili la michoro ya mtandaoni, ambalo mistari yake hubaki mikali hata ukiikuza vipi, maneno yake hubaki maneno, na kila sehemu ukiigusa hujitaja kwa sauti. Alipofika kwenye moyo alichanganya kulia na kushoto, akagundua kurasa arobaini baadaye, akaja nyumbani analia, shemeji akamuuliza, "Si ulisema wewe hukosei?" wakacheka, kesho yake akaanza upya.

Tarehe 9 Mei 2013 alilipeleka faili hilo kwenye shule ya watoto wenye uoni hafifu. Binti mmoja wa kidato cha pili aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akaukuza moyo, akaketi wima, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo! Mimi nilikuwa nakariri tu." Mwalimu alimpigia simu meneja, naye akaenda kujionea, na tarehe 1 Julai dada akarudishwa ghorofani, ila pole hakupewa. Hadi anastaafu mwaka 2023 alikuwa amegeuza vitabu sitini na kimoja, akaendelea na vingine nyumbani.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Aprili mwaka huu wa 2025 meneja alikuja wodini, akaketi ameshika kofia yake, akasema, "Nilikukosea, Nukta, miaka yote hii nimeshindwa kulitamka." Dada akamjibu, "Meneja, ulinipa stoo yenye utulivu, ghorofani nisingemaliza." Mzee wa watu alicheka huku machozi yanamtoka, na dada aliniagiza niseme mbele yenu kwamba hana kinyongo naye. Alifariki Jumanne tarehe 20 Mei, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotuangalizia nyumba tulipokuwa hospitali, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi walikuja kukichukua kitabu cha kemia alichokiachia ukurasa wa tisini na nne, wakaahidi kukimaliza kama alivyotaka yeye, si kwa njia ya mkato.

Dada, watoto wanasoma. Pumzika salama.