Bwana Alivyomupoza Feza Wangu

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu wa kanisa hili, sifa kwa yeye mwenye kurudisha pumzi kifuani! Mimi njo Mama Adela, ninakaa karibu na reli. Masomo yangu ni madogo, lakini majina ya watu wa siku ile Feza alipoanguka ninayashika yote.

Feza ni mujukuu wangu, ananiita Nkambo, ni mutoto wa binti yangu Mwamini, aliyeolewa kule Bendera na fundi wa umeme. Alinipa mutoto asome hapa Kalemie, akaniambia, "Mama, ninakuachia roho yangu." Neno lile lilinitia woga tangu siku aliyolisema.

Munajua animasio ya hii Zaire yetu. Wakubwa wa serikali wakija, watoto wanawachezea ngoma na kuwaimbia uwanjani, juani, na Feza alikuwa mumoja wao. Mazoezi yalianza mapema, yakaenda mpaka jua katikati. Mukubwa wao, Papa Mulongo, alikataza maji. Alisema muchezaji akikunywa, tumbo inajaa, miguu inakuwa mizito. Wote tuliamini, hata watu wa mupira walifanya vile.

Siku ile mvua ilikuwa inakaribia na hainyeshi, hewa nzito. Nilikuwa ninauza ndagala, samaki wadogo, kando ya uwanja, pale karibu na ziwa. Nikaona Feza anayumba kama mulevi, anamutukana rafiki yake bila sababu, yeye asiyetukana. Kisha akaanguka. Nilipomushika, ngozi yake ilikuwa sufuria iliyotoka motoni. Macho wazi, lakini hanijui.

Jirani yangu Mama Kisimba, mwenye huruma, akakimbia kuleta blanketi. Njo desturi yetu: mwenye homa anafunikwa mpaka jasho itoke. Nyuma yangu watu walinong'ona kwamba amerogwa kwa sababu anacheza mustari wa mbele. Kamio, lori ya mihogo ya Papa Kyungu, ikasimama, wakasema tumupakie, tukimbie lopitali. Nikamushukuru Mungu, nikaanza kumunyanyua.

Ndipo Papa Ilunga akafika mbio. Huyu ni infirmie, muuguzi anayetunza wachezaji wa mupira. Akavuta blanketi, akaitupa.

"Mama, hii si malaria. Jua na kazi ya mwili vimemupika toka ndani. Maji kwanza, lopitali nyuma."

Akanieleza upesi kwamba madaktari wa wanamichezo wamelichunguza jambo hili: moto ule ukikaa ndani unaharibu ubongo, na njiani kamioni utakuwa unaendelea kumula. Muntu anapozwa pale pale alipoanguka. Akanyoosha kidole kwa ziwa.

Ndugu zangu, niliogopa. Tangu utoto nilifundishwa kwamba mwili wa moto ukiingia katika maji ya baridi, moyo unapasuka. Mama Kisimba akanishika mukono, akasema, "Adela, ukimutia mule, njo wewe utapeleka maiti Bendera." Papa Kyungu alikuwa anapiga honi, anauliza kama tunaenda ao hatuendi. Watu wote wakaniangalia.

Nikaita, Yesu, sijui. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Woga ulibaki pale pale. Nikamwambia Papa Kyungu, "Ngoja na kamio yako."

Tukamubeba ziwani. Papa Ilunga akapitisha kikwembe yangu ya kujifunga chini ya makwapa ya mutoto, akanipa ncha zake nishike ili kichwa kisizame. Maji yalimufika shingoni. Mama Kisimba akaingia na nguo zake, analia, akawa anamumwangia maji kichwani kwa besheni yangu ya ndagala. Watoto wa animasio walitufuata mpaka kwenye muchanga. Mwili wa Feza ukakakamaa, ukatetemeka, macho yakageuka meupe. Nikajua nimemuua. Nikamuomba Papa Ilunga tumutoe.

"Bado, Mama. Shika."

Nilishika. Mikono ilikufa ganzi. Nilianza wimbo, maneno yakanipotea, likabaki jina la Yesu peke yake, ninalisema na kulisema.

Kisha macho yakashuka, yakanitafuta.

"Nkambo, ninasikia baridi. Mbona unaniogesha na nguo mbele ya watu?"

Watu walicheka na kulia pamoja. Papa Ilunga akasema sasa twende, na kamio ikatupeleka lopitali. Walimulaza, wakamuangalia, akarudi nyumbani na akili yake nzima. Hakurudia kucheza haraka. Papa Ilunga alimuanzisha na kutembea, kwanza asubuhi ya baridi, halafu kidogo kidogo juani, mpaka mwili uzoee. Na Papa Mulongo, asifiwe Mungu, siku hizi anaweka pipa ya maji uwanjani, yeye mwenyewe anawaita watoto wakunywe.

Mimi ningali mwoga. Feza akichelewa, ninasimama mulangoni. Usiku ninamugusa paji la uso akilala. Bwana hakuniondolea woga ndipo niingie majini. Niliingia nao, na yeye alikuwa mule. Wewe unayengoja woga uishe kwanza ndipo umutumaini, usingoje, ndugu yangu. Muite huku unatetemeka. Asante Yesu, asante kwa mutoto wa Mwamini.

Feza, simama, watu wakuone.